Laini niliyonunua Makambako ilikuwa namba ya mpenzi wa mtu

WakalaNjiapanda (mleta uzi)
Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto. Nitauleta kwa vipande kwa sababu niko kibandani, mteja akija naacha namhudumia. Majina nimebadilisha na wahusika wenyewe wameniruhusu.

Mimi ni wakala wa pesa hapa Makambako. Kwa wasiopajua, ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapa hapa. Anayetoka Mbeya kwenda Iringa atatupita tu, apende asipende. Upepo wetu sina haja ya kuusimulia.

Mwishoni mwa 2020 nilinunua laini mpya kwa ajili ya wateja. Nikatoa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nikaweka kidole, ikasoma. Namba yenyewe ilikuwa nyepesi kukariri, nikaipenda, nikamtafuta fundi akaiandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda. Rangi haijakauka vizuri, simu ikaita.

"Atu?"
"Umekosea namba."
Kimya. Halafu sauti ya kijana, pole pole: "Samahani mama. Shikamoo."

Nina miaka 26, sijaolewa, naitwa mama. Nikakata.

Kesho yake ikaingia meseji ya muamala: nimepokea shilingi 1,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikajua hapa kuna utapeli, sasa hivi nitapigiwa niambiwe imekosewa, niirudishe. Kweli akapiga, ila pesa hakuitaja. "Mama, nimetuma ili nione jina. Limekuja jina lako, sio la Atu wala la ndugu yake ninayemjua. Naomba uniambie, wewe ni nani wake?"

Nikamwambia mimi si nani wake, nimenunua laini dukani. Akauliza kama nina uhakika. Hivi mtu anakosaje uhakika wa laini aliyoiwekea kidole?

Mteja huyo. Narudi.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene dada. Nimewahi siti ya mbele, nimeagiza na ulanzi kabisa. Weka mzigo.

ChaiYaRangi
Naona sufuria lipo jikoni, chai hiyo inaiva.

FundiSimuKabwe
ChaiYaRangi tulia. Mambo haya yapo. Laini ikikaa muda mrefu haitumiki, kampuni inairudisha sokoni na kumuuzia mtu mwingine. Kuna mzee aliletewa kwangu simu ina laini mpya, kila asubuhi anadaiwa mkopo wa vikoba wa mama mmoja asiyemjua hata kwa sura. Mwenye laini ni aliyeweka kidole, lakini wanaoikumbuka namba hawana habari hiyo.

Halafu hiyo ya kutuma buku kuangalia jina ni mbinu ya zamani sana. Kijana ana akili.

WakalaNjiapanda
Naendelea.

Kijana nitamwita Gwamaka. Alikuwa na tabia ya kupotea miezi kisha kuibuka, nikaja kugundua kwamba anaibuka shule zikifungwa. Alikuwa kidato cha tano, bweni, simu marufuku. Likizo ikianza tu, siku ya kwanza au ya pili, namba ya Atu inaita kibandani kwangu.

Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa mkato. Baadaye nikazoea. Wakala ukikaa saa za jua kali hakuna mtu, utaongea hata na aliyekosea namba.

Hadithi yao ni hii. Walisoma sekondari moja ya kutwa Mbeya mjini. Yeye alikuwa anakaa Isanga na mama yake, Atu anakaa Sae kwa shangazi, ila kwao hasa ni Kiwira, kule Rungwe. Jioni Gwamaka alitakiwa ageuke aende kwao. Hageuki. Anapanda daladala ya Uyole na binti, anamshusha Sae, halafu anarudi. Nauli ya kurudi mara nyingi hana, anatembea. Mama yake akimuuliza mbona unachelewa, anasema kuna masomo ya ziada.

Wakamaliza kidato cha nne Novemba 2019. Siku ya mtihani wa mwisho walishuka Mafiati, akanunua mahindi ya kuchoma mawili, wakakaa kwenye kingo za mtaro hadi giza. Hapo ndipo walipoambiana maneno ambayo hakunitajia, nami sikumuuliza. Atu akarudi Kiwira kusubiri matokeo. Wakawa wanaongea kwa simu usiku, yeye amejifunika blanketi asisikike. Nani hajui baridi ya Rungwe, kisingizio cha blanketi kipo mwaka mzima.

Halafu Januari 2020. Mnaikumbuka?

KondaktaMstaafu
Nani asiyeikumbuka. Kufungiwa laini. Mwisho ulikuwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, tukafika Januari 20. Foleni za NIDA Mbeya watu walilala nje na mablanketi.

WakalaNjiapanda
Ndiyo hiyo. Laini ya Atu ilinunuliwa na binamu yake zamani, usajili wa vitambulisho vya kawaida. Ilipokuja ya alama za vidole yeye alikuwa na miaka 17, NIDA ni kuanzia 18. Angemwomba baba yake amsajilie, angeulizwa laini ya nini. Hakuomba. Tarehe 20 ikazimwa, pamoja na nyingine nyingi.

Mwezi huo huo kile kitochi chenyewe kikakamatwa na baba. Namba ya Gwamaka ilikuwa mle ndani tu, kichwani hana. Namba aliyoijua kwa moyo ni moja, ya kwake mwenyewe.

Upande wa pili Gwamaka anapiga, haipatikani. Anapiga, haipatikani. Machi 17 zikafungwa shule zote kwa ajili ya corona, uchaguzi wa kidato cha tano ukachelewa, vijana wote wako nyumbani hawajui waende wapi. Katikati ya hapo mama yake akahamia Iringa, Ipogolo, kwa biashara ya vitunguu vya Ilula. Naye akahama na mama.

Kwa hiyo binti hana namba ya kijana, na kijana ana namba iliyokufa. Ikaja kufufuka kwangu.

Mlokole_wa_Uyole
Kwani Facebook hazikuwepo? Vijana wa 2020 wanapotezanaje?

WakalaNjiapanda
Subiri. Facebook ndiyo uzi wenyewe.

MwanaLoleza
Mimi nasema ukweli mchungu. Binti akikaa kimya mwaka mzima amekutosa. Hakuna cha laini wala cha NIDA. Mtu akikutaka atakupata. Kijana alipigwa kibuti hakuelewa.

TumpeWaTukuyu
MwanaLoleza, umewahi kuwa binti wa miaka 17 kwenye nyumba ya baba wa Kinyakyusa? Simu imekamatwa, kutoka nje ni kwenda shambani kwenye migomba, kisimani na kanisani. "Atakupata" kwa kupitia wapi?

KondaktaMstaafu
Nichomekee kidogo, wakuu. Nimefanya kazi mabasi ya Mbeya miaka ile hakuna simu. Barua za mapenzi tulizibeba sisi. Kijana anakuja stendi na bahasha, nyuma ameandika "kwa mkono wa kondakta", anakupa na hela ya soda. Ukifika Iringa binti yuko pale anajifanya anamsubiri shangazi. Basi likiharibika njiani tukalala, huko Iringa mapenzi nayo yanalala. Nilishawahi kubeba barua ya kuachana, sikujua, binti akaifungua mbele yangu na mimi nimetabasamu. Hadi leo naiona ile sura.

Endelea dada, samahani.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kondakta fungua uzi wako, tutakuja.

WakalaNjiapanda
Hahaa Kondakta. Haya.

Gwamaka alimtafuta kwa karatasi kwanza. Matokeo ya NECTA hayakumsaidia, yale yana namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi na divisheni, majina hayamo. Akasubiri orodha ya TAMISEMI ya waliochaguliwa kidato cha tano, yenyewe ina majina. Akaipitia mkoa kwa mkoa kwenye simu ya mjomba wake. Akalikuta! Majina yote matatu, shule iko Ruvuma. Likizo yake ya kwanza akaomba nauli kwa mama akidai anakwenda kumsalimia babu, akapanda basi la Songea. Getini akaitiwa binti. Akaja binti mnene mfupi, mchangamfu, anaitwa hivyo hivyo majina matatu, hajawahi kukanyaga Mbeya mjini. Kwa Wanyakyusa akina Atu wako wengi, na ukoo ni ule ule wa Mwa-. Alinisimulia huku anacheka, lakini alikuwa amenipigia akiwa njiani kurudi, na basi lilikuwa limesimama hapa hapa Makambako kula. Hakujua niko hatua chache pale. Nami sikumwambia.

Mlokole_wa_Uyole
Kwa nini hukumwambia? Ungemwona!

WakalaNjiapanda
Nimwambie ili iwe nini? Mimi ni mwanamke nakaa na pesa za watu kwenye kibanda cha mbao. Sauti ya simu si mtu.

Baadaye akaenda na Kiwira kwenyewe. Hakujua nyumba, alijua tu kwamba Atu anaimba kwaya ya vijana kwa Wamoravian. Rungwe mnajua ilivyo, Wamoravian wako pale tangu 1891, makanisa hayahesabiki. Akaenda la kwanza, la pili, mahali fulani mzee wa kanisa akamkalisha kwenye benchi akamuuliza: "Wewe ni nani wake?" Akasema nilisoma naye. Mzee akasema: "Waliosoma naye ni wengi, wewe ndiye uliyekuja." Akapewa ndizi za kuchemsha na maziwa mgando, akasindikizwa hadi barabarani kwa heshima zote, bila jibu.

TumpeWaTukuyu
Huyo mzee namjua aina yake. Amekulisha ili usimlaumu.

WakalaNjiapanda
Sasa tuje kwangu, na hapa najua mtanishambulia.

2021, siku ya gulio, foleni imejaa. Simu inaita namba ngeni. Binti, sauti ya chini: "Dada samahani, kuna meseji imeingia kwenye simu yako sasa hivi, ina namba sita. Naomba unisomee."

Nikaangalia. Kweli imeingia, Facebook, namba sita, na wameandika usimpe mtu mwingine.

Nikamwambia mwambie aliyekutuma kwamba huyu ni wakala, amezoea kupigiwa na ninyi kila wiki. Akaanza "hapana dada, hiyo namba ilikuwa ya—" Nikakata, nikaiweka kwenye orodha ya waliozuiwa. Foleni ikanipigia makofi.

ChaiYaRangi
MUNGU WANGU. Alikuwa yeye??

MwanaLoleza
Umeua mapenzi ya watu kwa kidole kimoja.

WakalaNjiapanda
Alikuwa yeye. Na leo akipiga mwingine na maneno hayo hayo nitamfanyia vile vile. Tafadhali msinihubirie.

FundiSimuKabwe
Dada yuko sahihi kwa asilimia zote. Zile namba sita ndizo funguo. Ukimsomea mtu, anabadilisha nywila, anaingia kwenye akaunti, anaanza kuwaandikia ndugu na marafiki "nimepata ajali nitumieni hela". Kabwe napokea watu wa hivyo wanalia. Kwa sauti tu huwezi kutofautisha mwizi na mwenye mali.

TumpeWaTukuyu
Lakini kwa nini hakujieleza mapema? Angeanza na jina lake.

WakalaNjiapanda
Alikuwa ameazima simu ya duka, mwenye duka amesimama juu yake anahesabu dakika.

Alichokuwa anakitaka ni hiki. Akaunti yake aliifungua kwa namba ile, nywila ameisahau, na Facebook kila akijaribu inatuma namba sita kwenye laini ambayo sasa iko kwangu. Kufungua akaunti nyingine alifungua. Ila Gwamaka kule hajaandika jina lake, ameandika jina la mbwembwe ambalo vijana wa nchi nzima wanalo, na picha ameweka ya mchezaji mpira. Utamtafutia wapi? Kwenye akaunti ya zamani yupo kwenye marafiki, na inbox wamechati. Kwa kifupi kijana yuko nyuma ya mlango na ufunguo unadondokea kwenye simu ya mtu mkali wa Makambako.

Kilichonishtua ni Gwamaka mwenyewe. Desemba, likizo, akapiga kunisalimia tu, wakati huo alishaacha "mama", alikuwa ananiita dada. Akasema: "Nimemwandikia sana Facebook, haijawahi kusomwa. Akaunti yake alifungulia namba hii hii yako."

Nikamwambia nina mteja, nikakata. Sikuwa na mteja.

Meseji ya zile namba sita nilikuwa sijaifuta. Nikaitoa ile namba kwenye kifungo, nikapiga. Akapokea mama mmoja, nyuma kuna kuku. Ni duka la Ipinda, Kyela, njia ya kwenda Matema. Nikamuuliza kama anamkumbuka binti aliyeazima simu. Akasema wanaoazima ni wengi, huyo ni yupi? Nikasema sijui sura, anaimba kwaya. "Aaa, huyo! Alikuwa kwa dada yake hapa nyuma. Wamehamia ng'ambo, shemeji yake kapata kazi Liuli. Wameondoka na meli."

KyelaMchele
MV Mbeya II hiyo, ilianza safari Januari 2021. Kabla ya hapo Liuli ungeomba dua. Inapita Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay. Ziwa Nyasa likichafuka unaweza kukaa unaitazama tu.

WakalaNjiapanda
Nikamwachia mama wa duka ujumbe: dada wa binti akija kununua au akipiga, amwambie mdogo wake kwamba yule mkali mwenye namba yake anaomba apige.

Na Gwamaka sikumwambia kitu.

Mnyalu_wa_Kihesa
Hapana bwana! Kijana kafika hadi Songea kwa basi, umejua aliko mpenzi wake, unanyamaza?

MwanaLoleza
Roho mbaya tu. Ungempa namba ya duka ingekugharimu nini?

WakalaNjiapanda
Ningempa angeenda Liuli, namjua. Angefika kwenye mji wa watu, kwa shemeji wa watu, binti hajui chochote, anaitwa nje kuna mgeni wako. Mimi nilikuwa nimesikia upande mmoja tu. Kwa maneno ya Gwamaka wanapendana. Kwa maneno ya Atu nilikuwa sijui, labda alitaka akaunti yake kwa sababu ya picha za marehemu bibi yake. Anayetafutwa naye aulizwe kwanza kama anataka kuonekana. Nilikaa kimya mpaka aulizwe, na kama angesema hapana, Gwamaka angeendelea kupiga na mimi ningeendelea kumwambia sijui.

TumpeWaTukuyu
Hapo umenikuna. Mimi nilishawahi "kutafutwa" na mtu niliyemkimbia, na kila ndugu yangu alikuwa anamsaidia kwa sababu analia vizuri.

KondaktaMstaafu
Dada hapo sikupingi. Sisi barua tulimpa mwenyewe mkononi, asipokuja stendi inarudi ilikotoka. Hatukuwahi kumwelekeza mtu nyumba.

WakalaNjiapanda
Asante Kondakta. Nimefunga kibanda, namalizia nikiwa nyumbani.

Ukapita muda. Gwamaka akamaliza kidato cha sita Mei 2022. Akanipigia kuniaga, amepangiwa mafunzo ya jeshi la kujenga taifa, JKT, kambi ya Itende, hapo hapo Mbeya, na simu anaiacha kwa mama Iringa.

Kama wiki tatu baada ya hapo, usiku, namba ngeni. "Dada shikamoo. Naambiwa ulinitafuta. Mimi ndiye wa zile namba sita."

Moyo ulinipasuka ila nikajikaza. Nikamwambia kabla sijakusomea kitu, nijibu swali. Siku ya mtihani wa mwisho, mlikula nini Mafiati?

Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa: "Nani amekwambia habari za Mafiati?"

"Jibu kwanza."

"Mahindi. Alinunua mawili, yote nikala mimi. Alisema ameshiba. Tulipopanda daladala tumbo lake likaunguruma watu wote wakasikia."

Gwamaka alinitajia mahindi. Tumbo hakunitajia. Nikamwambia huyo anayetafuta namba hii ni yeye, amekuwa akiipiga tangu niinunue, aliko sasa najua, unataka nikwambie au hutaki? Akalia. Akasema anataka, ila kwanza anataka kusoma.

Akaomba namba sita zingine, zikaingia, nikamsomea moja moja, akarudia. "Imefunguka." Akakata hapo hapo, hata asante hakuna. Sikumlaumu. Alikuwa na kusoma kwingi.

Aliponipigia kesho yake sauti imemkauka. Alisema kaandikiwa hadi matokeo ya majaribio ya fizikia. Na yeye alikuwa ameshatafuta: kabla ya kwenda Kyela kwa dada yake alidanganya anafuata cheti shuleni, akaenda Isanga, akakuta wapangaji wapya, wakamwambia mama vitunguu kahamia Iringa, Iringa sehemu gani hawajui. Kwa hesabu yangu ni majira yale yale Gwamaka anakula ndizi za mzee wa kanisa Kiwira.

ChaiYaRangi
Kumbe walipishana. Nimeacha kuita chai, endelea.

WakalaNjiapanda
Nilimwambia Itende. Akaenda mtandaoni kutazama orodha ya JKT, yale majina wanayoyatoa na kambi zao, akaliona, akanipigia anacheka: "Dada, orodha zimenionea huruma mimi." Barua hakutaka, kambini zinaweza kusomwa na wenzake kwa sauti. Akasubiri siku ya kufunga mafunzo, ndugu wanapokwenda kuangalia gwaride. Wakati huo alishapata nafasi chuo cha afya Mbeya, akawa anahesabu.

Siku hiyo nilikuwa kibandani tangu asubuhi, mahesabu hayaniingii. Saa saba mchana Atu anapiga. Nyuma bendi, vigelegele, matarumbeta.

"Dada, simwoni! Wote wamenyolewa vipara, wote wamevaa sare moja, wote weusi kwa jua! Nimemwita mmoja kageuka siye, nimemwita mwingine siye. Gwaride limekwisha wanatawanyika!"

Nikiwa namtuliza, simu inalia kwamba kuna mwingine anapiga. Namba ngeni. Nikamwambia Atu usikate, nikapokea.

"Dada, mimi Gwamaka! Nimemaliza! Nimeazima simu kwa ndugu wa mwenzangu, namba ninayoijua kichwani ni yako tu, nikasema nikusalimie kabla ya mama."

Wakuu. Mmoja huku, mwingine huku, wote Itende, wote wanapiga Makambako zaidi ya kilomita 150 kutafutana. Nikamuuliza umesimama wapi? Anasema karibu na gari la maji. Nikamwambia usiondoke hapo, ukiondoka nakulaani. Akauliza kwani kuna nini. Nikamrudia Atu: unaona gari la maji? "Naliona." Nenda.

Nilimwacha Gwamaka hewani makusudi. Nikasikia anasema "Dada, mbona unani—" kisha hakumaliza. Nikasikia simu imeanguka, mwenye simu anagomba, kisha watu wanashangilia, nadhani wanashangilia kitu kingine. Ikakatika. Mteja aliyekuwa dirishani akaniuliza: "Dada, pesa yangu imekwama?"

Mnyalu_wa_Kihesa
Nimesimama peke yangu sebuleni nimeshika kichwa.

Mlokole_wa_Uyole
Bwana asifiwe!! Sasa ndoa lini?

WakalaNjiapanda
Ndoa gani, wana miaka 20, wako vyuoni. Binti Mbeya, kijana Iringa. Wakienda kutembeleana basi linasimama hapa, na sasa wananijua sura. Mara ya kwanza Gwamaka aliponiona alisema "shikamoo ma—" akajiwahi. Atu akanipa mkungu wa ndizi kutoka kwao. "Ndaga fijo dada." Yaani asante sana.

Sababu ya kuleta uzi lakini ni nyingine. Juzi wamekuja wote wawili, wamekaa kwenye benchi langu, wanatazamana. Gwamaka ndiye aliyetumwa kusema. Binti anaiomba namba yake. Wamesoma kwamba tunaweza kwenda ofisi ya kampuni wote wawili, tukaweka vidole, umiliki ukahama. Atanunua hata kwa pesa.

Nipeni ushauri.

MwanaLoleza
Mpe. Ni ya kwake tangu mwanzo.

FundiSimuKabwe
Usimpe. Wateja wako wote wana namba hiyo. Halafu ukimpa, anayekudai na anayekupenda wote watampigia yeye, tunaanza uzi mwingine.

TumpeWaTukuyu
Aibadilishe tu kwenye Facebook aweke namba mpya, aachane na yako. Mapenzi yamepatikana, namba ya nini tena?

KondaktaMstaafu
Mwambie akupe mikungu kumi ndipo mzungumze.

WakalaNjiapanda
Kondakta, nimewaambia mitano na kupaka rangi upya ubao wa kibanda. Wameondoka kwenda kufikiria. Gwamaka ameshanipigia asubuhi hii kuuliza kama rangi ni lazima iwe nyekundu.